Msituambie hatutaki bima ya afya. Mlango wa kuingilia uko wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Nimeufungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha.

Leo kwenye kipindi cha redio tulichokuwa tukisikiliza hapa Busia, mpakani upande wa Uganda, mgeni mmoja wa mambo ya bima aliulizwa kwa nini raia wa Uganda wenye bima ya afya ni wachache hivi. Akajibu kwamba watu wa kipato cha chini hawana utamaduni wa bima, wanahitaji kuelimishwa kwanza.

Kuelimishwa kitu gani? Hapa sokoni sijui mama asiye na chama cha kuzikana. Kila wiki tunatoa, na mwenye kufiwa anabebwa: sanduku, turubai, posho ya waombolezaji, gari la kupeleka maiti kijijini. Baganda wana munno mukabi, vikundi vyao vya kusaidiana kwenye shida, tangu zamani. Kule Kigezi, kusini-magharibi, watu walikuwa na vikundi vya engozi, vya kumbeba mgonjwa kwa machela kwenye vile vilima hadi hospitali, na ni kwa kuvitegemea vikundi hivyo ndipo hospitali ya Kisiizi ilianzisha bima yake mwaka 1996. Wanachama ni wakulima, wengi wao hawajawahi kuona mshahara wa mwisho wa mwezi. Kama huo si utamaduni wa bima, basi ni nini?

Shida haiko kwenye akili zetu. Bima inayouzwa nchi hii imeshonwa kwa kipimo cha mtu mwenye mwajiri, na sisi wengine tunaambiwa tuivae hivyo hivyo au tuiache.

Sisi wauza mitumba, pamoja na akina mama wa samaki na vijana wa kubadilisha hela, tulimwita wakala wa kampuni moja ya bima. Tulimwita sisi wenyewe, hakuna aliyetufuata kutuelimisha. Akaja na fomu zake. Juu kabisa, chini ya jina lako, unaulizwa jina la mwajiri. Mstari unaofuata, anwani ya mwajiri. Tukamwambia hatuna. Akasema basi lazima muwe kikundi kilichosajiliwa. Tukamtolea cheti, maana kikundi tunacho. Akapiga hesabu kwenye simu yake, akaigeuza tuone kioo: karibu laki nane kwa kila mtu, za mwaka mzima, zilipwe zote kabla kadi haijatoka.

Mama mmoja wa samaki akamuuliza, "Kaka, nikitoa elfu tano kila siku ya soko haiwezekani?" Akajibu kwamba mfumo haukubali.

Elfu tano kila siku ya soko mama huyo anaitoa bila shida. Kikundi chetu anakilipa, ushuru wa soko anaulipa, ada ya shule anailipa kwa vipande mpaka muhula unaisha. Asichokuwa nacho ni laki nane zimekaa pamoja siku moja, na hata zikikaa, zinangojwa na watu watano. Mtu wa ofisini naye hana laki nane za mkupuo, ila mwajiri wake ndiye anayelipa, kwa hiyo hajui uzito wake.

Halafu tukasomewa masharti. Uzazi unasubiri miezi. Meno na miwani havimo. Ukishakuwa na sukari au presha kabla ya kujiunga, ugonjwa huo haulipiwi. Mama yangu mzazi ana vyote viwili na miaka 65 ameshaipita. Wakala alilikata jina lake kwa kalamu, mama mwenyewe ameketi pale kwenye benchi anaangalia. Akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo bima ni ya wazima peke yao?" Kijana wa watu akainamia fomu zake. Simlaumu, ametumwa. Nawalaumu waliomtuma.

Najua wapo watakaoniambia nenda hospitali ya serikali, ni bure. Ni kweli ada zilifutwa mwaka 2001, na sidharau hata kidogo: chanjo tunapata, dawa za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI watu wanapata, na zimeokoa wengi. Lakini ingia na mgonjwa wa dharura uone. Unaanza kwa kutumwa dukani ukanunue daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, kwa sababu karatasi za kumwandikia mgonjwa hakuna. Ugonjwa wako unaandikwa humo. Daftari linarudi na orodha: glavu, kanyula, pamba, dripu, sindano ya maumivu. Kipimo, mashine imeharibika, vuka barabara uende kliniki. Nesi wa watu yuko peke yake na wodi nzima, anakuomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Ukijumlisha stakabadhi jioni unaona hiyo bure imekula faida yako ya wiki mbili. Na mwaka ule ule wa 2001, mwezi wa nne, viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi kwamba asilimia 15 ya bajeti zao itakwenda kwenye afya. Sisi hata karibu hatujafika.

Jirani yangu alipata ile milioni moja ya PDM, mkopo wa serikali wa mtaji unaotolewa kupitia parokia. Akanunua mbuzi, akawajengea banda zuri tu. Mtoto wake akaanguka kutoka juu ya mwembe, mfupa wa paja ukavunjika, na hospitali ya binafsi waliyokimbilia ikataka malipo ya awali kabla ya kumpeleka chumba cha upasuaji. Mbuzi wote wakauzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi akijua una mgonjwa anakubana. Sasa deni la PDM lipo, mbuzi hawapo. Unampa mtu mtaji kisha unamwacha wazi upande wa ugonjwa, hiyo hela umeipa hospitali, yeye ameishika tu njiani.

Sasa tuje kwenye bima ya afya ya taifa. Bunge liliupitisha muswada mwezi wa tatu mwaka 2021, baada ya kuzungumzwa miaka na miaka. Mapendekezo yake yalikuwa mwenye mshahara akatwe asilimia 4, mwajiri aongeze asilimia 1, na mtu kama mimi anayejiajiri atoe laki moja kwa mwaka. Rais hakuusaini. Bunge lile likamaliza muda wake, na mpaka leo hatuna bima ya taifa.

Laki moja kwa mwaka, wakuu. Igawanyeni kwa siku: haifiki hata shilingi mia tatu.

Na msiniambie kwamba kukusanya mia tatu mia tatu kutoka kwa watu wasio na mshahara hakuwezekani. Mwaka 2018 serikali hii hii ilitutoza shilingi 200 kila siku kwa mtu, kupitia simu, ndipo tufungue WhatsApp na Facebook. Haikutuuliza mwajiri wetu ni nani. Haikusema mfumo haukubali. Mwaka ule ule ikaweka kodi ya asilimia 0.5 kila ukitoa hela kwenye simu, na hiyo tunakatwa hadi leo, mama wa samaki na mchuuzi wa nyanya wote wanakatwa. Ile ya mitandao ilipoondolewa mwaka 2021 ikaja asilimia 12 kwenye bando. Njia ya kutufikia mmoja mmoja, kwa vijisenti, ipo na inafanya kazi. Ilijengwa kwa ajili ya kodi. Kwa ajili ya kitanda cha hospitali ndiyo haijulikani.

Majirani zetu hawajamaliza matatizo, sisemi hivyo. Hapa ng'ambo, upande wa Kenya, tangu Oktoba 2024 wana SHA, bima yao ya afya ya jamii, wanayoilipia asilimia 2.75 ya kipato na isipungue 300 za kwao kwa mwezi. Ndugu zetu wa upande ule wanalalamika kila siku, na lalamiko lao kubwa ni hili hili langu: asiye na mshahara anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo, hadi serikali yao ikalazimika kuleta mpango wa kulipa pole pole. Rwanda walianza na mutuelle, mifuko ya bima ya afya ya vijijini, leo zaidi ya watu wanane kati ya kumi wamo. Nao ni wakulima kama sisi. Huko elimu ya bima waliipata wapi tusiyoipata sisi?

Ninachotaka si sadaka. Nataka kulipa kwa simu yangu, kwa siku au kwa wiki, kama ninavyopata. Nataka mama yangu asikatwe jina kwa sababu ni mgonjwa, maana ndiye anayeihitaji kuliko mimi. Na nataka wabunge waseme hadharani ule muswada umekwama wapi na umekwamishwa na nani.

Kama umewahi kuomba bima bila mwajiri, popote ulipo, Arua, Mbale, Kasese, Kisenyi, andika hapa chini: uliambiwa shilingi ngapi, ulipe zote au kwa vipande, na nani katika nyumba yako alikataliwa. Usiweke jina la mtu wala la kampuni. Kikundi chetu kitayachapa majibu yote na tutampelekea mbunge wetu mkononi, tukiwa wengi, siku isiyo ya soko.