Mrejesho: sauti ya Hammond kwenye kinanda cha kidijitali

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini sauti ya ogani ya Hammond kwenye kinanda changu cha kidijitali, ninachopigia kwaya yetu huku Kirumba, Mwanza, inapoteza ule mlio mkali wa kugonga wa mwanzo wa noti (percussion) kila ninapopiga kwa kuunganisha noti. Nilidhani vitufe vimechakaa. Kumbe kinanda ni kizima: kama mlivyonieleza, katika B-3 halisi, yaani ogani yenyewe ya Hammond, yenye magurudumu yake 91 ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku, mlio huo hausikiki tena mpaka vitufe vyote viwe vimeachiwa, na waundaji wa kinanda changu wameiga hata tabia hiyo. Hata ule mkono wa tisa, kati ya mikono tisa ya kuvuta inayochanganya sauti, kunyamaza mlio huo unapowashwa, jambo nililolihesabu kuwa hitilafu ya pili, nao ni urithi wa ogani yenyewe.

Jumapili nilivuta mikono mitatu ya kwanza hadi 8, yaani hadi mwisho, nikafunga sita iliyobaki, nikawa nainua vidole kidogo kati ya noti na noti. Hata mpiga ngoma aligeuka kutazama.

Kilichonisumbua zaidi ni spika ya Leslie, ile ya ogani inayozungusha sauti, kwa sababu uigaji wake hupishanisha sauti kushoto na kulia, ilhali sisi tuna spika moja tu. Nimeuweka kwenye mono, yaani sauti ya njia moja. Sasa nikikanyaga pedali wakati wa kiitikio, mzunguko hupanda taratibu, kama pangaboi umeme unaporudi.