Semina ya heshima kazini tumefundishwa sisi tu. Mabosi wao nani atawafundisha? (Kiwanda cha minofu, Mwanza)

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Wengine, habari za kazi.

Nina hasira na sitaificha. Niko kwenye kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara hapa Mwanza. Kiwanda sikitaji, na nchi wanakotoka mabosi siitaji pia, kwa sababu uzi huu si wa kulitukana taifa la mtu. Wewe unayetaka kuandika "hao ndivyo walivyo", pita kushoto. Ninachokipinga ni kwamba heshima kazini imegeuzwa kazi ya Mtanzania peke yake.

Uongozi uliitisha semina ya mawasiliano kati ya watu wa tamaduni tofauti. Tukakalishwa ukumbini kutwa nzima tukifundishwa desturi za wakubwa wetu: kadi ya jina ipokee kwa mikono miwili, ukisemeshwa mtazame mtu machoni, jibu moja kwa moja, usimshike mtu bega. Tukaandika yote. Sina ubaya na hayo, mtu unayefanya naye kazi lazima umjue. Lakini wao ukumbini hakuwamo hata mmoja. Hakuna aliyewaambia kwamba hapa mtu anasalimiwa kwanza ndipo anaagizwa, wala kwamba mzee haitwi kwa kidole.

Matokeo yake ndiyo haya. Kwenye mapokezi ya samaki tuna mzee anayepima sangara kwa rula, maana wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Yuko kwenye kazi za sangara tangu miaka ya 1990 viwanda vilipoanza kushamiri hapa ziwani. Meneja mpya wa uzalishaji, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, anamwita kwa mluzi. Usukumani mluzi ni wa kuswagia ng'ombe! Siku moja mzee aliomba glovu, akarushiwa boksi likaangukia miguuni pake. Ukutani hapo hapo kuna tangazo kwamba ni marufuku kumtupa samaki sakafuni. Mzee akainama, akaokota, akasema asante. Tulikuwa tumesimama pale tunatazama, na tangu hapo hata vijana wa kupanga makreti, watoto wetu wenyewe wa Igoma na Mabatini, wanamwita mzee yule "oya". Ubaya wa bosi haubaki kwa bosi, unashuka hadi chini.

Kuna binti kwenye meza ya kuchuna ngozi, kakulia Magu. Aliitwa ofisini kuulizwa juu ya uzito uliopungua. Akainamisha macho, kama alivyolelewa kufanya mbele ya mkubwa. Akaandikiwa barua ya onyo kwamba anaonekana kuficha jambo. Barua iko kwenye faili lake hadi leo, na uzito ule ulikuja kugundulika ni mizani mbovu. Hakuna aliyemwita tena kumwambia samahani, na barua haikuondolewa.

La saa nalisema kwa kifupi. Tangazo liliwekwa kwenye grupu la WhatsApp, Kiswahili kizuri tu, kikao saa 3. Watu wa zamu ya usiku wakabaki mpaka saa 3 asubuhi, hawajala, hawajalala. Kumbe mwandishi alikusudia saa 9 alasiri. Hapo sina lawama, mgeni anajifunza saa zetu. Lawama yangu ni kwamba waliorudi nyumbani kulala wakakatwa pesa kwa kutohudhuria, na tulipoeleza tukaambiwa tunatafuta visingizio.

Lililonifanya nifungue uzi huu ni msiba.

Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake mdogo, Nansio, Ukerewe. Huyo ndiye aliyemlea, mama mzazi alitangulia yeye akiwa mdogo. Akaenda kuomba ruhusa awahi meli. Bosi akafungua faili, akaona mwaka juzi aliwahi kufiwa na mama mkwe na kupewa ruhusa. Akacheka. Kicheko kabisa, mbele ya karani. Akamuuliza ana mama wangapi. Yule bwana alitoka mle ndani akiwa hawezi kuongea, mwanaume mzima, nikamshika mkono hadi getini. Meli aliikosa na maziko hakuyakuta. Jamani, kuna mtu gani duniani asiyejua kwamba kwa mfiwa hapachekwi? Kama hujui mama mdogo kwetu ni nani, uliza! Tungekueleza kwa dakika mbili, tena kwa furaha, kwa sababu Mswahili anapenda mgeni anayeuliza.

Na msidhani wageni peke yao ndio wakosaji. Mkalimani wetu ni Mtanzania, kijana wa Dar es Salaam, kasoma. Kiingereza changu si cha kuhutubia lakini nasikia. Bosi anasema makreti yasogezwe karibu na mlango. Mkalimani anageuka: "Nyie washamba, bosi kachoka na uvivu wenu, sogezeni makreti." Sisi tunajibu kwamba barafu imeisha ndiyo maana tumesimama. Yeye anamwambia bosi "they are sorry". Barafu haifiki, samaki wanaharibika, bosi anaona tumeomba radhi na kurudia kosa lile lile, na sisi tunaona bosi anatutukana. Nimekaa nikajiuliza ni magomvi mangapi ya pale ndani ambayo hata mwenye nayo hajui yalikoanzia. Mtu anayebeba maneno ya watu wawili ana nguvu kuliko meneja, na kiwandani kwetu kazi hiyo kapewa anayewadharau wa chini na kuwaogopa wa juu.

Kijana huyo na wenzake wana mchezo wa kuiga lafudhi ya Wasukuma. Mama wa usafi akiongea, wanarudia neno kwa neno, watu wanacheka. Mjita wakimwona wanataja samaki, Mkurya wanamuuliza leo kapigana na nani. Ukikemea unaambiwa "ni utani tu mkuu". Hapana. Utani mimi nimekua nao, baba yangu Mkerewe, mama Msukuma. Mtani wako unamtania naye anakutania, hakuna aliye juu. Na mtani ukifiwa anakuja, anakuchekesha msibani huku akichota maji na kupasua kuni. Hawa wa kwetu hawajawahi kufika msibani kwa yeyote wanayemcheka. Mama wa usafi siku hizi haongei kabisa, anapita na ndoo yake kimya, na sakafu ikiwa na utelezi hamwambii mtu. Mfanyakazi mmoja ameshaanguka.

Na kwa haki niseme la upande wetu. Wapo wenzangu wanaowaiga wageni wanavyoongea mara tu wakigeuza mgongo, wanawapa majina ya ajabu wakidhani hawaelewi. Wanaelewa, sura zinawabadilika. Acheni. Huwezi kudai heshima mchana na kuikanyaga wakati wa chai.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa kabila au mahali mtu anakotoka, kwa utaifa, kwa rangi, kwa umri, na mengine. Inasema wazi kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi hiyo ni ubaguzi. Tena inamtaka mwajiri aandae mpango wa kuzuia ubaguzi na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi. Nilipokwenda kuuliza mpango wetu uko wapi, ofisi ya rasilimali watu wakanionyesha mwongozo wa usafi wa samaki. Wakija wakaguzi wa wanunuzi wa Ulaya, kila joto la chumba cha baridi limeandikwa saa kwa saa. Kwa hiyo wanajua kuandika na kufuata. Kwetu hawajataka.

Ninachotaka si kikubwa. Semina irudiwe na mabosi wakae viti vya mbele. Mkalimani abadilishwe. Barua ya yule binti itolewe kwenye faili. Na yule bwana wa Ukerewe aombwe radhi na aliyemcheka, kwa mdomo wake, bila mkalimani.

Wenye uzoefu naombeni msaada. Kuna mtu Mwanza ameshapeleka jambo la aina hii Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, akiwa bado yuko kazini? Najua fomu namba 1 ya kupeleka mgogoro, na najua kwa mgogoro usio wa kuachishwa kazi muda wa kuupeleka ni siku 60. Nisichokijua ni hiki: tukijaza kila mtu yake au kwa pamoja kupitia tawi la chama cha wafanyakazi, ipi haituchomeshi? Wasioajiriwa kwa mkataba wa kudumu ndio wengi, na wanaogopa. Tafadhali msiniambie niache kazi.