Tupeane uzoefu: kompyuta ya nyumbani mnaiapdetije hapa Tanga?

Habari zenu wana Tanga. Natengeneza kompyuta za majirani hapa Makorora, na nyingi nazikuta apdeti zimezimwa. Ukiuliza unaambiwa, "Zinakula bando." Kweli zinakula. Lakini WannaCry, ile programu hasidi ya Mei 2017 iliyofunga mafaili ya watu na kudai pesa, ilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft ilikwishatoa kiraka chake, yaani apdeti ya kuliziba, mwezi Machi. Haikungoja mtu afungue faili, ilirukia mashine moja hadi nyingine kwa mtandao, na hospitali za Uingereza zikaahirisha hata upasuaji. Nawasihi msizime. Mwenye njia yake atuwekee hapa.

Mwenye stesheneri, Ngamiani:
Kwangu flashi za wateja zinaingia kutwa, sithubutu kuzima. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi nimeweka kwamba intaneti yangu ni ya kulipia kwa kipimo, basi apdeti nyingi hazishuki mpaka niruhusu mwenyewe. Za usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu huwa ni usiku. Kesho yake najiunga bando la usiku, nabonyeza, nalala. Alfajiri nairestati kabla wateja hawajaanza kuja, maana bila kurestati kazi haijakamilika.

Mwalimu, Raskazone:
Mimi hofu yangu ni umeme. Ulikatika apdeti ikiwa katikati, na mitihani ya wanafunzi imo humo! Uliporudi, skrini ikaandika kwamba inarudisha mabadiliko. Ikazunguka weee, mwisho ikafunguka, mafaili yote yapo. Sasa nina UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, na kila kitu nakinakili kwenye diski ya nje kwanza.

Wa Pongwe:
Na wenye Windows 10 je? Msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Laptop yangu ya mtumba haina chipu ya usalama ya TPM 2.0, Windows 11 imeikataa. Fundi akataka kunipigia Windows ya kuchakachua, apdeti zote kazifunga. Nikakataa. Nimeweka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ni ya bure, watoto wanaandika na kuchapisha kama kawaida, na viraka vinakuja.

Mleta mada:
Wa Pongwe, umefanya la maana. Windows iliyochakachuliwa hujui aliyeifungua kaacha nini ndani. Mint kwenye RAM ya GB 2 inakwendaje? Nina mashine ya jirani mezani inasubiri jibu.