Chawa na nyumbu wa Kigoma, tokeni kwenye magrupu ya dagaa!

Wakuu,

Huu ni uzi wa malalamiko. Mod, tafadhali usiuhamishie kule kwenye siasa, maana hilo ndilo tunalolalamikia.

Grupu la WhatsApp la bei ya dagaa ni la bei ya dagaa. Mchuuzi wa Kibirizi anawasha data alfajiri ajue mitumbwi imeshusha kiasi gani, anakutana na mafuriko ya jumbe za watu wawili wanaorushiana skrini shoti za X. Akija kuifikia bei, bando limekata na dagaa wameshapanda gari.

Chawa anasifia serikali, nyumbu wa upinzani anatukana, na wote wanaishi humo humo mtandaoni. Hata "mataga", jina la kejeli la mashabiki wa serikali, tuliiokota kwenye kaulimbiu ya Trump ya "Make America Great Again". Na kile kichura cha kijani, Pepe, mnachokitupia kama stika kilichorwa na mchora katuni Mmarekani Matt Furie mwaka 2005. Mwaka 2016 kikabebwa na mashabiki wa Trump, 2019 kikabebwa na waandamanaji wa Hong Kong waliokuwa wakidai demokrasia. Sasa ukikitupa kwenye grupu la wauza mawese wa Mwanga, umemtukana nani? Wewe mwenyewe unajua?

Ubaya mkubwa uko kwenye skrini shoti. Tangu X ifungwe nchini Mei 2025, asiye na VPN, ile programu ya kupita vizuizi vya mtandao, hawezi kufungua linki kuhakiki, kwa hiyo picha imegeuka ushahidi. Kuifoji ni dakika mbili: unafungua posti kwenye kompyuta, unabofya kulia juu ya maneno, unachagua kukagua ukurasa, unaandika unachotaka, unapiga picha. Jina halisi, sura halisi, maneno ya kwako. Tiki ya bluu nayo isikutishe, siku hizi inalipiwa. Ukiona picha imekatwa chini, pale inapokaa tarehe, iweke kwenye kundi la uongo mpaka aliyeileta alete linki.

Picha za matukio zipitishe Google Lens, inayokuonyesha picha hiyo ilishatokea wapi mtandaoni, lakini kwanza kata maandishi yaliyobandikwa juu, maana yanaivuruga. Isipopata kitu, igeuze kushoto-kulia ujaribu tena; wajanja huigeuza makusudi. Usihangaike kutafuta tarehe ndani ya faili. WhatsApp ikishaibana picha inafuta taarifa hizo.

Mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp maana yake ujumbe umeshapita mikono mitano au zaidi, na hapo unaufowadi kwa chati moja tu kwa mara moja. Wabishi wanalijua hilo, ndiyo maana video wanaipakua na kuipandisha upya: mishale inapotea, inaonekana kama imerekodiwa jana Ujiji. Kukosa mishale si cheti cha ukweli.

Maadmin nanyi mna lenu. Mnamtoa mtu, kesho mnamrudisha kwa kuwa ni shemeji. Ingieni mipangilio ya grupu, wekeni maadmin pekee ndio watume ujumbe. Mkiishia hapo grupu litakufa, maana admin mmoja akilala hakuna bei. Wapeni uadmin watu watatu au wanne wanaoamkia mwaloni, mmoja Kibirizi, mmoja Katonga, mmoja Ujiji. Na kila mwanachama azime upakuaji wa video wa moja kwa moja anapotumia data ya simu. Uko kwenye mipangilio ya hifadhi na data. Hapo hata wakitupia video ya dakika kumi haili bando mpaka uibonyeze mwenyewe.

Mkishindwa kabisa kujizuia, subirini mbalamwezi. Mwezi uking'aa karabai hazivuti dagaa, wavuvi wamelala, bei hakuna. Admin afungue grupu, mbishane mpaka kuche.