Mboga za kilimo hai kwa kadi ya EBT, Michigan

Swali, kutoka Grand Rapids

Ndugu zangu, salaam. Kwa mnaoishi mitaa ya vipato vya chini, Grand Rapids au Detroit: mboga na matunda ya kilimo hai mnayapata wapi kwa bei inayobebeka, na EBT, kadi ya msaada wa chakula wa serikali, inapokelewa? Maduka ya kona yana viazi, vitunguu na ndizi basi, na neno "Natural" limebandikwa kila kopo.

Jibu, Detroit

Dada, salaam. Anzia soko la wakulima. Kwenu lipo la Fulton Street. Huku kwetu ni Eastern Market, na siku yake kubwa ni Jumamosi. Ukifika, usiende moja kwa moja kwa muuzaji. Tafuta meza ya taarifa, taja kiasi unachotaka kikatwe kwenye EBT, watapitisha kadi na kukupa tokeni za kuwalipa wauzaji. Papo hapo omba na Double Up Food Bucks. Mpango huo ulianzia masoko ya Detroit mwaka 2009: ukikata dola 10 za EBT unaongezewa dola 10 nyingine, hadi kikomo cha siku.

Tokeni za aina hizo mbili usizichanganye. Za EBT zinanunua pia mkate, mayai na asali. Za Double Up ni matunda na mboga tu. Na chenji hairudishwi. Fungu la dola 3 na nusu ukililipia tokeni nne za dola moja, senti 50 zimekwenda, kwa hiyo mwambie muuzaji aongeze kitunguu au pilipili mpaka hesabu itimie.

Kuuza sokoni hakumfanyi mtu kuwa mkulima, na si kila mkulima analima kilimo hai. Meza yenye ndizi na malimau hapa Michigan ni ya mchuuzi aliyenunua jumla. Uliza: shamba liko wapi, unanyunyizia nini, mara ya mwisho lini? Anayelima mwenyewe hutaja dawa na siku bila kubabaika. Anayejibu "hakuna kemikali" kisha akanyamaza, mpite.

Lakini usimwache mkulima mdogo kwa sababu tu hana nembo ya USDA, Wizara ya Kilimo ya Marekani. Anayeuza mazao ya kilimo hai yasiyozidi dola 5,000 kwa mwaka anaruhusiwa kuyaita oganiki, yaani ya kilimo hai, bila cheti, mradi afuate kanuni zilezile. Nembo ndiyo haruhusiwi kuibandika. Mwenye cheti utamkuta kwenye Organic Integrity Database ya USDA. Ni bure, na unaweza kumtafuta kwa simu ukiwa umesimama mbele ya meza yake.

Wakulima wanaouza kapu la kila wiki nao wapo wanaopokea EBT. Jua tu kwamba hawaruhusiwi kukata pesa zaidi ya siku 14 kabla ya kukukabidhi kapu. Akikudai malipo ya msimu mzima kwa EBT, hiyo si sawa.

Jibu, Lansing

Naongezea supamaketi, maana wakati wa baridi meza za mboga sokoni hupungua sana.

"Natural" haina maana ya kilimo hai. Tafuta nembo ya USDA Organic: bidhaa yenye nembo hiyo ina viambato vya oganiki visivyopungua asilimia 95, bila kuhesabu maji na chumvi. "Made with organic" inaanzia asilimia 70 na haibebi nembo. Watu wengi huteleza kwenye chapa za bei nafuu: Simply Nature ya ALDI si yote oganiki, na kwa Kroger kuna Simple Truth na kuna Simple Truth Organic, zinakaa rafu moja. Soma kila pakiti. Kwa matunda yasiyofungwa, angalia namba kwenye stika: ndizi ya kawaida ni 4011, ya oganiki ni 94011, tarakimu tano zikianza na 9.

Wenye WIC, mpango wa serikali wa chakula kwa wajawazito, mama na watoto wadogo: ile pesa ya matunda na mboga inaruhusu mboga mbichi za oganiki. Maziwa na nafaka ni habari nyingine, fuata orodha ya jimbo.

Swali, Grand Rapids

Asanteni sana. Pesa isipotosha vyote, kipi kitangulie?

Jibu, Detroit

Sukuma wiki, spinachi na stroberi. Hizi hurudi mara kwa mara kwenye orodha ya EWG, shirika la mazingira la Marekani, ya mazao yanayokutwa na mabaki mengi ya viuatilifu. Parachichi, nanasi na vitunguu nunua vya kawaida bila wasiwasi. Kama sukuma wiki ya oganiki haipo, nunua ya kawaida na uioshe vizuri kwa maji yanayotiririka, bila sabuni. Kukosa mboga kabisa ni kubaya zaidi.

Sukuma wiki ikiwa bei nzuri mwisho wa msimu, jaza friza. Toa vikonyo vigumu, kata, chemsha majani dakika 3 tangu maji yaanze kuchemka tena, yatumbukize kwenye maji ya barafu dakika 3, kamua mpaka yakauke, gawa kwa mapishi ya siku moja moja, toa hewa kwenye mfuko. Ukiruka kuchemsha, vimeng'enya vinaendelea kufanya kazi ndani ya friza na mboga inapoteza rangi na ladha. Ukiyaweka yakiwa na maji, utatoa bonge la barafu.

Jibu, Lansing

EBT inanunua pia mbegu na miche ya chakula, mahali popote panapopokea kadi hiyo. Udongo na mbolea hainunui. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 huenda zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, na udongo ulio karibu na ukuta ndio huwa mchafu zaidi. Usipande hapo kabla ya kuupima. Mkiwa na baraza, tumieni ndoo za galoni 5 zilizokuwa na chakula. Toboeni matundu chini, jazeni udongo wa mfuko, mche mmoja wa sukuma wiki kila ndoo. Chuma majani ya chini, acha ncha ya juu iendelee kukua.