Kisukari kwa wagonjwa wa kifua kikuu: nipime sukari lini?

Mwanafunzi wa ubingwa, magonjwa ya ndani, mwaka wa kwanza
Wakubwa zangu, shikamooni. Ninaandaa tasnifu kuhusu wagonjwa wenye kifua kikuu na kisukari kwa pamoja, kwa sababu wengi ninaowaona wakianza dawa wana sukari ya juu ilhali hawajawahi kuambiwa wana kisukari. Nilikusudia kuwapima mara moja, siku ya kuanza dawa, kisha nitoe asilimia. Msimamizi amelirudisha andiko akisema nitahesabu kitu nisichokijua. Naomba ufafanuzi, maana fedha ni zangu mwenyewe.

Daktari bingwa wa kifua
Marahaba. Msimamizi wako amesema kweli. Mwili unaopambana na maambukizi makali hutoa homoni zinazopandisha sukari hata kwa mtu asiye na kisukari, na baada ya miezi 2 au 3 ya dawa baadhi yao hurudi katika hali ya kawaida. Ukipima mara moja utawaweka kapu moja mwenye kisukari cha siku nyingi, ambacho huenda ndicho kilichodhoofisha kinga yake, na yule ambaye sukari yake imepandishwa na kifua kikuu chenyewe. Kwamba kisukari huongeza hatari ya kifua kikuu takriban mara 3 ni jambo linalojulikana, na Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo wa kuyashughulikia magonjwa haya pamoja mwaka 2011. Lenye manufaa kwako ni kujua nani hubaki juu anapomaliza dawa.

Mtaalamu wa maabara
Wala usidhani kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3, kitakuondolea tabu hiyo. Wagonjwa hawa wengi wana upungufu wa damu, na wengine wana vinasaba vya selimundu, mambo yanayoweza kupotosha majibu. Tumia sukari ya mgonjwa aliyefunga, kwa kikomo cha 7.0 mmol/L, na uulize kwa upole lakini bila aibu kama kweli amefunga. Wapo wasiohesabu chai ya maziwa kuwa chakula.

Daktari, Kanda ya Ziwa
Rekodi pia hali ya VVU. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa 2011 ulikuta uhusiano wa magonjwa haya mawili kwa wasio na VVU, na si kwa wenye VVU. Andika vilevile dawa za kisukari, kwa kuwa rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huchochea vimeng'enya vya ini na kupunguza glibenklamidi, dawa ya kisukari, katika damu, hata sukari ikapanda bila kosa la mgonjwa. Vipimo vyote vya marudio viwemo katika ombi la kibali cha maadili tangu mwanzo.

Mwanafunzi wa ubingwa
Ahsanteni. Nitapima siku ya kwanza, mwezi wa 2 na mwezi wa 6, siku ambazo hata hivyo wanaleta makohozi. Je, atakayekutwa na sukari ya juu sana siku ya kwanza, nisubiri kipimo cha pili?

Daktari bingwa wa kifua
Usisubiri. Mwenye kiu kali na kukojoa mara kwa mara aonwe kliniki ya kisukari siku hiyo hiyo na aanzishiwe tiba. Katika fomu yako onyesha tarehe na dawa aliyopewa, ili sukari yake ikishuka mwezi wa 6 usimhesabu miongoni mwa waliorudi kawaida wenyewe.