Mliokwenda fildi serikalini, Unguja na Pemba, tupeane uzoefu

Mtoto wa Konde: Assalaam aleikum. Leo mdogo wangu kanionyesha barua yake ya kupokelewa fildi, yale mazoezi ya kazi ya wanafunzi wa chuo, wiki nane, ofisi ya Afisa Mdhamini, mkuu wa wizara moja huku Pemba, Chake Chake. Nilipouona ule muhuri tu, nikajiona mie tena mwaka ule. Nilikuwa nasoma sera, nikajua nitawekwa Mipango, Sera na Utafiti. Nikapelekwa masjala, kwenye barua na majalada. Nililia kwenye gari mpaka nafika nyumbani.

Wiki ya tatu ikaja barua ya mwananchi wa Kojani, imeandikwa kwa mkono, mambo ya maji. Nikaigonga muhuri wa tarehe, nikaipa nambari ya folio, yaani nambari yake ndani ya jalada, jalada likapanda juu kwa wakubwa. Likashuka na maneno mawili: "Tafadhali shauri." Halafu likapotea. Nilikwenda kila meza. Nililikuta siku ya kumi na moja, liko chini ya magazeti, na kikombe cha chai juu yake. Hapo ndipo nilipojua maji ya Kojani yanakwamia wapi. Chuoni hatukusomeshwa hilo.

Semeni nanyi, nimsomee kabla hajaripoti Jumatatu.

Bi Mkadi: Masjala! Vumbi lile mpaka leo nalisikia puani.

Kijana wa Fuoni: Mie nilibahatika, nilikuwa Unguja wakati wa bajeti. Mei na Juni Baraza la Wawakilishi lipo Chukwani, na wizara nzima inahamia kule. Waziri anajibu hoja za wawakilishi, watendaji wanamtafutia takwimu na kumpelekea vikaratasi. Siku moja kaulizwa fedha za mradi zilizotoka hasa, si zile zilizopitishwa. Wakubwa wanafunuafunua vitabu. Mie ndiye niliyeipanga ile jaduweli usiku wake, nikaujua ukurasa. Nikamwonyesha mkurugenzi kwa kidole. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, jamani! Bajeti nilifahamu siku ile: pesa kupitishwa ni jambo moja, kuingizwa ni jambo jengine.

Mpemba Halisi: Hiyo ni ya watu wa mjini. Sisi huku Pemba fildi ni kutumwa chapati.

Kijana wa Fuoni: Ndugu yangu, mie nimezaliwa Wete. Usiniletee ya Unguja na Pemba hapa.

Ukhti wa Micheweni: Sijapata kuiandika hii popote.

Mwaka 2018 nilikuwa fildi kwenye ofisi inayoshughulika na wazee. Mnaijua pensheni jamii, ilianza Aprili 2016: kila Mzanzibari aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, na fedha zinatoka SMZ wenyewe, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Nilikuwa naipenda sera ile. Utafiti wangu wa kumalizia nilitaka kuuandika juu yake.

Wiki ya pili afisa kanipa orodha ya malipo kwenye kompyuta, ya shehia kadhaa, yaani mitaa na vijiji. Kanambia, "Isafishe, mna majina yamejirudia." Kisha katoka, ana safari. Nikaisafisha. Kila nilipoona watu wawili majina yao yote matatu yanafanana herufi kwa herufi, shehia moja, nafuta mmoja. Mie, niliyezaliwa Pemba! Mie ninayejua kwamba kwetu Hamad wa Khamis wa Hamad unaweza kuwapata wanne kwenye msikiti mmoja!

Siku ya malipo nikafuatana na timu. Wazee wameshakaa chini ya mwembe tangu alfajiri. Akaja mzee mmoja na mkongojo, kafungua leso, ndani ya leso mna mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kitambulisho chake cha Mzanzibari. Kakitoa kwa vidole viwili kama kitu kibichi. Karani kaangalia jina, lipo. Kaangalia nambari, si yake. "Mzee, huyu si wewe. Huyu keshalipwa." Mzee akasema taratibu, "Basi mie ni nani, mwanangu?"

Hakugomba. Kakifunga kitambulisho vilevile, mfuko, leso, kaondoka. Na mie nimesimama pale na kalamu mkononi, najua, na sikusema kitu.

Bi Mkadi: Ya Rabbi. Mwili umenisisimka.

Karafuu Kavu: Samahani dada, lakini kosa ni lako. Nambari ya kitambulisho ipo kwa ajili hiyo hiyo.

Mtoto wa Konde: Lake vipi? Mwanafunzi wa wiki ya pili unamwachia orodha ya malipo ya watu halafu unapanda gari? Mwenye kuajiriwa ni nani hapo?

Karafuu Kavu: Sijasema ofisi haina kosa. Nasema angeuliza.

Mpemba Halisi: Amuulize nani, na mwenyewe yuko safarini? Karafuu, wewe umewahi kukaa ofisi ile au unasema tu?

Karafuu Kavu: Nimefanya kazi serikalini miaka kumi na minne. Nimeshapokea wanafunzi wengi, na nawaachia kazi hivyo hivyo, kwa sababu watu hatutoshi. Imeniuma kuisoma hii.

Kijana wa Fuoni: Dada, mzee alilipwa?

Ukhti wa Micheweni: Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda kwa afisa mwengine, Bi mkubwa mmoja aliyekaribia kustaafu, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Kanifundisha kuandika dokezo: kilichotokea, sababu, wangapi wameathirika, kinachoombwa. Tukaipitia orodha upya, tukawakuta wazee watano. Watano! Mwezi uliofuata majina yakarudi. Nilikwenda kwa yule mzee kumwomba radhi, kanipa ndizi mkungu mzima niende nao nyumbani.

Maalim Tunguu: Kwa kijana anayeripoti Jumatatu: kitabu chako cha fildi kitiwe saini kila Ijumaa. Ukingoja wiki ya nane, msimamizi atakuwa hayupo.

Mpemba Halisi: Na chai asikubali kutumwa. Ukishaenda mara moja umeajiriwa.

Bi Mkadi: Aende! Mie mambo yote ya ofisi niliyasikia nikigawa chai kwenye kikao. Na achukue chakula chake, posho hakuna, nauli tu inammaliza.

Kijana wa Fuoni: Asiende, Bi Mkadi. Mdogo wangu wa kike kagawa chai wiki nane, ripoti yake ikawa tupu.

Karafuu Kavu: Akiachiwa kazi asiyoifahamu, aandike kwenye karatasi: nimepewa hiki, na fulani, saa fulani. Aombe itiwe saini. Mimi wangu nitawatilia, kuanzia kesho.

Mtoto wa Konde: Nimemsomea ya Ukhti, kimya. Kisha kauliza: nambari ya kitambulisho kwenye orodha zile iko safu ya ngapi?

Ukhti wa Micheweni: Yetu ilikuwa ya tatu, baada ya jina. Mwambie aanze kusoma hapo.